Mtoto Aanze Fizikia Barabarani

Tarehe 20 Oktoba 2019, Mkenya Philemon Rono alishinda mbio za Toronto Waterfront Marathon kwa mara ya tatu. Alitumia saa 2 na dakika 5 kamili, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia katika marathoni yoyote iliyokimbiwa kwenye ardhi ya Kanada. Wapenzi wa riadha waliondoka na rekodi yao. Mtoto anayeanza kujifunza fizikia angeweza kuondoka na swali. Rono alianzia University Avenue, katikati ya jiji, akakimbia kilomita 42 na mita 195, kisha akamalizia karibu na jumba la City Hall, mahali ambapo mtu akitoka kwenye mstari wa kuanzia kwa miguu anafika kwa dakika chache tu. Basi alikwenda kwa kasi gani?

Majibu ni mawili, na yote ni sahihi. Ukigawanya mita 42,195 kwa sekunde 7,500, unapata takriban mita 5.6 kwa sekunde, yaani kilomita 20 na robo kwa saa. Huo ndio wastani wa mwendokasi wake. Lakini ukiuliza amesogea kiasi gani kutoka alipoanzia, na kuelekea upande upi, jibu linaporomoka. Tuchukulie kwamba kati ya mwanzo na mwisho kuna nusu kilomita. Mita 500 kwa sekunde 7,500 ni kama sentimita 7 kwa sekunde, kuelekea mashariki. Hiyo ndiyo velositi yake ya wastani: kipimo kinachohesabu kasi pamoja na mwelekeo, na kinachotazama umbali ulionyooka kati ya mahali pa kuanzia na pa kumalizia.

Mtoto akielewa kwa nini majibu hayo hayagombani, amevuka kizingiti kinachowakwaza wanafunzi wengi wa sekondari, kuanzia Scarborough jijini Toronto hadi Sumbawanga nchini Tanzania. Kizingiti hicho kinaweza kuvukwa mapema, nyumbani na barabarani, kwa Kiswahili, na mwalimu wa kwanza akawa mzazi.

Shuleni jambo hili kwa kawaida huanza na fomula. Waliosoma Tanzania wanayakumbuka maswali ya hesabu ya shule ya msingi: basi limeondoka Dodoma asubuhi, limefika Dar es Salaam mchana, tafuta mwendokasi. Mtoto hugawanya umbali kwa muda, hupigiwa alama ya vema, na basi lenyewe hajaliona. Mwelekeo haukuulizwa kabisa. Katika jimbo la Ontario, velositi kama kipimo chenye upande wake husomwa kwa kina katika fizikia ya darasa la 11, na somo hilo si la lazima. Kijana wa Etobicoke, Toronto, anaweza kuhitimu sekondari bila mtu yeyote kumwuliza kwa uzito tofauti iliyopo kati ya kwenda kasi na kwenda mahali.

Watoto wanalianza jambo hili wapi wao wenyewe? Mwaka 1928, katika mji wa Davos nchini Uswisi, Albert Einstein alimwuliza swali hilo mwanasaikolojia Jean Piaget: mtoto hutangulia kuelewa muda au mwendokasi? Piaget alichapisha kitabu kizima juu ya mwendo na kasi katika akili ya mtoto mwaka 1946, na jaribio lake moja linaweza kurudiwa sebuleni leo jioni. Chukua mahandaki mawili, moja refu kuliko jingine; hata maboksi yaliyotobolewa yanatosha. Ingiza chombo cha kuchezea katika kila handaki kwa wakati mmoja, na uhakikishe vinatokea upande wa pili kwa wakati mmoja. Watoto wa miaka mitano hivi walimwambia Piaget kwamba vyote viwili vilikwenda sawa, kwa kuwa vilifika pamoja, ingawa walikuwa wanaona wazi kwamba handaki moja ni refu zaidi. Mahandaki yalipoondolewa na watoto wakaona kimoja kikikipita kingine, walitambua papo hapo chenye kasi ni kipi.

Kwa mtoto mdogo, basi, kasi huanzia kwenye kupitana. Mzazi wa mtoto wa miaka sita hahitaji namba hata moja. Amkalishe dirishani mwa tramu ya barabara ya Spadina jijini Toronto, amwulize: gari lipi linatupita? Lipi tunalipita sisi? Na yule mwenye baiskeli tuliyemwacha nyuma kituo kilichopita, mbona ametukuta kwenye taa nyekundu? Katika swali hilo la mwisho wastani umekwisha kuingia, hata kama neno lenyewe halijatajwa.

Namba zikifika wakati wake, Toronto ina zawadi ambayo miji mingi haina. Wapima ardhi wa Kiingereza waliochora eneo hili mwishoni mwa karne ya 18 walizipanga barabara kuu kwa nafasi ya maili moja na robo, sawa na kilomita 2 hivi, na mpango huo ungali hai. Kutoka Bloor hadi St. Clair ni kilomita 2. St. Clair hadi Eglinton, 2. Eglinton hadi Lawrence, 2. Finch hadi Steeles, 2. Mtoto ana rula chini ya nyayo zake na hajaambiwa.

Baba na binti yake wakitembea Jumamosi kutoka Eglinton hadi Lawrence kwa dakika 30, wamekwenda kilomita 4 kwa saa. Wakirudi kwa treni ya chini ya ardhi, na simu ikaonyesha dakika 3 tangu milango kufungwa hadi kufunguliwa, treni imekwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa. Hesabu zenyewe ni nyepesi. Kinachotakiwa ni utaratibu: mtoto akisie kwanza, aandike makisio yake, ndipo apime, halafu alinganishe. Aliyekisia kwamba treni inakwenda kilomita 100 kwa saa atashangaa, na mshangao huo utamfanya aulize muda wote ule umepotelea wapi. Atagundua kwamba treni inaanza kutoka kwenye kusimama na inamalizia kwenye kusimama. Kati ya vituo hivyo viwili kulikuwa na dakika ambayo ilikuwa ikikimbia kuliko wastani wake.

Suala hilo la wastani Toronto iliwahi kulibishania mbele ya ulimwengu mzima. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, Donovan Bailey, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Oakville, magharibi tu ya Toronto, alishinda mita 100 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 9.84. Siku chache baadaye Mmarekani Michael Johnson akashinda mita 200 kwa sekunde 19.32, nayo ikawa rekodi ya dunia. Gawanya: Bailey, mita 10.16 kwa sekunde, Johnson, 10.35. Wamarekani wengi wakasema mwenye mbio kuliko wanadamu wote ni Johnson. Wakanada hawakukubali, na ubishi ukaendelea hadi tarehe 1 Juni 1997, walipokutanishwa katika uwanja wa SkyDome wa Toronto kukimbia mita 150. Johnson aliumia njiani akaacha. Bailey akamaliza kwa sekunde 14.99.

Mbio zile hazikumaliza ubishi, ila mtoto mwenye karatasi na penseli anaweza kuuchambua vizuri kuliko watangazaji wa siku ile. Kila mkimbiaji huanzia sifuri. Katika mita 100, zile sekunde za kujinyanyua na kuongeza kasi ni sehemu kubwa ya mbio nzima. Katika mita 200, nusu ya pili hukimbiwa na mtu ambaye tayari ameshika kasi. Ndiyo maana wastani wa mita 200 unaweza kuupita ule wa mita 100 bila yeyote kuwa na miguu myepesi zaidi. Bailey alipimwa Atlanta akiwa amefikia mita 12.1 kwa sekunde, karibu kilomita 44 kwa saa. Huo ulikuwa mwendokasi wa papo kwa papo, namba ambayo wastani huificha.

Njia iliyotengenezwa SkyDome ilikuwa na kitu kingine cha kufundisha. Nusu yake ya kwanza ilikuwa kona, nusu ya pili mstari ulionyooka. Kwenye kona mkimbiaji anaweza kushika kasi ile ile bila kuongeza wala kupunguza, na bado velositi yake ikabadilika kila hatua, kwa sababu kifua chake kinageukia upande mpya. Mtoto anaweza kulihisi jambo hili mwilini. Achorewe duara kubwa kwenye uwanja wa bustani, aambiwe akimbie juu yake kwa kasi isiyobadilika huku amenyoosha mkono mbele. Kila akiambiwa "Simama!", ataje mkono wake unaelekea wapi: kaskazini, magharibi, kusini. Baada ya mzunguko mmoja atakuwa ameielewa velositi kwa miguu yake, na hakuna fomula iliyoandikwa.

Mwelekeo ndio sehemu ambayo familia za Toronto zinaishi nayo kila siku na kuipuuza kila siku. Jukwaa la treni limeandikwa kama treni inakwenda kaskazini au kusini, na anayeshukia la upande mwingine anachelewa kazini. Kwenye barabara kuu ya 401, magari mawili yakiachana Toronto kwa kilomita 100 kwa saa, moja likaelekea mashariki na jingine magharibi, baada ya saa moja la kwanza litakuwa maeneo ya Port Hope na la pili maeneo ya Cambridge. Mwendokasi wao haukutofautiana hata chembe, na kati yao kuna kilomita 200. Lifti ya mnara wa CN hupanda hadi kwenye ukumbi wa kutazamia, mita 346 juu, kwa sekunde 58. Mtoto agawanye mwenyewe: ni karibu mita 6 kwa sekunde, kidogo zaidi ya mwendo wa Rono. Lifti ikishuka kwa muda ule ule, mwendokasi ni ule ule, lakini velositi imegeuka kinyume.

Mswahili hapaswi kuliona wazo hili kuwa geni. Kwa karne nyingi majahazi yaliondoka Uarabuni na Ghuba yakisukumwa na kaskazi, yakafika Lamu, Mombasa na Unguja, yakasubiri kusi ianze, ndipo yakarejea. Nahodha aliyeambiwa kwamba kesho kutakuwa na upepo mkali alikuwa hajaambiwa kitu. Alitaka kujua unatoka wapi. Mabaharia wale walikuwa wakifanya hesabu za velositi kwa tanga na nyota, na wajukuu wao walioko Mississauga wanastahili kuambiwa hivyo.

Wanaporuka kwenda nyumbani likizo, wajukuu hao hukutana na upepo mwingine. Ndege ya Toronto hadi London huchukua takriban saa 7 kwenda na saa 8 kurudi. Umbali ni mmoja, ndege zinafanana. Juu kabisa angani hupita mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayokwenda Ulaya husukumwa nao ilhali inayorudi hupambana nao. Skrini iliyo mbele ya kiti huonyesha mwendokasi wa ndege, na mara nyingi upepo na upande wake pia. Saa 7 ni muda mrefu kwa mtoto wa miaka kumi. Akipewa daftari aandike namba hizo kila baada ya nusu saa, kisha afanye hivyo hivyo wakati wa kurudi, atashuka na ushahidi wake mwenyewe.

Lipo jambo la uzito mkubwa zaidi kuliko alama za mtihani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekula mita 21. Kwa kilomita 30 kwa saa, limekula mita 12 na nusu. Kisha breki zenyewe: umbali gari linaosogea baada ya breki kukanyagwa hukua kwa mraba wa mwendokasi, kwa hiyo kutoka 30 hadi 50 unaongezeka karibu mara 2.8. Ukijumlisha yote mawili, kwa breki nzuri na lami kavu, gari la kilomita 30 husimama ndani ya mita 18 hivi, la kilomita 50 linahitaji kama mita 35. Mtoto akichomoza kati ya magari yaliyoegeshwa, mita 25 mbele, gari la kwanza litakuwa limesimama kabla ya kumfikia. La pili litamgonga likiwa bado linakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa.

Kila mzazi anapaswa kuifanya hesabu hiyo pamoja na mtoto wake, mezani, mara moja walau. Toronto ilifunga kamera za mwendokasi karibu na shule, jamaa wa ile "tochi" inayojulikana sana na madereva wa Tanzania, na zilianza kutoza faini Julai 2020. Utafiti wa hospitali ya watoto ya SickKids na Chuo Kikuu cha Toronto Metropolitan, uliochapishwa mwaka 2025, uligundua kwamba palipowekwa kamera, sehemu ya magari yanayozidisha mwendo ilipungua kwa asilimia 45. Pamoja na hayo, serikali ya Ontario ilizipiga marufuku, na marufuku hiyo ikaanza tarehe 14 Novemba 2025. Jimbo limeahidi fedha za matuta na alama kubwa zaidi. Kwa vyovyote, kuondoa kifaa kilichoonyesha matokeo mazuri mbele ya malango ya shule ni kosa, na limewaongezea watoto haja ya kujua kupima mwendo kwa macho yao wenyewe. Kwenye kivuko, taa inapohesabu sekunde zilizobaki, mtoto aliyezoea kwamba hatua zake ni mita 1 hivi kwa sekunde atajua kwamba barabara ya mita 14 haivukiki kwa sekunde 9.

Wazazi wengi waliotoka Goma, Mombasa, Kampala au Dar es Salaam hujitenga na masomo haya kwa sababu kazi ya nyumbani imeandikwa kwa Kiingereza. Wanaogopa kwamba wakieleza kwa Kiswahili watamchanganya mtoto. Hofu hiyo ilijibiwa zamani, tena hapo hapo Toronto. Jim Cummins, profesa mstaafu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, ameeleza tangu miaka ya 1970 kwamba lugha mbili za mtoto hutegemeana kwa ndani: dhana iliyokomaa katika lugha ya nyumbani huhamia kwenye lugha ya shule, na mtoto hubakiwa na kazi ya kujifunza jina jipya tu. Kiswahili kina kila kinachohitajika. Umbali, muda, mwendokasi, mwelekeo: hayo yote watoto wa Tanzania huyasikia shule ya msingi kabla ya kuanza fizikia kwa Kiingereza sekondari.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Mtoto anasema, "Mama, leo tumefika haraka." Mama anauliza, "Haraka kiasi gani, mwanangu? Na tulikuwa tunaelekea upande gani?" Swali la kwanza linadai mwendokasi. La pili linaugeuza kuwa velositi. Akiulizwa hayo kila safari kwa mwaka mmoja, mtoto ataanza kujiuliza mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wazazi hawa wana zamu mbili, ghalani usiku na kwenye nyumba za wazee mchana, na kuwapa kazi ya ualimu ni kuwaonea. Hoja hiyo ina haki yake. Ndiyo maana somo linalopendekezwa hapa linafanyika ndani ya safari ambazo tayari zipo: kwenda shuleni, sokoni, kanisani, msikitini. Haliwezi kuwa kisingizio cha serikali kukaa kando. Ontario Science Centre, iliyofunguliwa mwaka 1969 katika mtaa wa Flemingdon Park unaokaliwa na wahamiaji wengi, ilifungwa ghafla tarehe 21 Juni 2024 kwa sababu ya hali ya paa lake. Jimbo limeahidi jengo jipya huko Ontario Place, lakini watoto wa Flemingdon Park walipoteza ndani ya siku moja mahali walipoweza kwenda kwa miguu na kuigusa sayansi kwa mikono.

Vyama vya Waswahili vinavyowakusanya watoto Jumamosi kujifunza lugha vina nafasi ya kuanza bila kusubiri jengo lolote. Watu wazima wawili, tepu ya kupimia na simu vinatosha. Wapime mita 50 kando ya barabara yenye kikomo cha kilomita 30 kwa saa, wakisimama salama juu ya njia ya miguu. Kwa mwendo huo halali, gari huzimaliza mita 50 kwa sekunde 6 kamili. Likitumia chini ya hapo, limezidisha. Watoto waandike jedwali lenye safu mbili, moja ya magari yanayoelekea shuleni na nyingine ya yanayotoka, maana upande mmoja mara nyingi hukimbia kuliko mwingine, na tuta huwekwa mahali panapohitajika. Jedwali hilo, likiwa na majina ya waliolitengeneza na tarehe, lipelekwe kwenye kikao cha baraza la wazazi la shule, kisha kwa diwani wa eneo, na watoto wenyewe walieleze.